Mtoto Anayetazama Mlangoni

Ibadan, 4 Machi 2014

Baba Ojebisi, mpiga picha wa mji wa Ila,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Hunijui kwa sura ya leo, ila niliwahi kusimama mbele ya kamera yako. Mimi ni Taiwo, binti wa marehemu Aduke, yule muuza mafuta ya mawese aliyekuwa jirani na studio yako kabla baba yetu, mfanyakazi wa reli, hajatuhamishia Kaduna mwanzoni mwa mwaka 1976. Naambiwa masikio yako hayapokei simu siku hizi, basi naandika, na barua namkabidhi dereva wa basi la Ila anayesema anakufahamu.

Nimeandika kitabu. Usicheke. Sisi walimu wa sekondari tukishapita miaka arobaini tuna mawili tu, kuandika kitabu au kufungua kanisa, na mimi sauti ya kuhubiri sina. Nakichapisha mwenyewe kwa Bwana Oyekan, mpiga chapa wa hapa Mokola. Kila kitu kiko tayari isipokuwa jalada. Jalada ni ile picha uliyotupiga mimi na pacha wangu Kehinde. Nyuma ina muhuri wa studio yako na tarehe 20 Desemba 1975. Tulikuwa na miaka minne.

Nilidhani picha hiyo ni yangu, maana mama ndiye aliyeilipia na sura iliyomo ni yangu. Bwana Oyekan akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kuwa aliyelipa alinunua karatasi tu. Picha yenyewe ni ya aliyeipiga mpaka afe, na miaka mingi baada ya kufa. Mwaka juzi alichapa kitabu cha maombi chenye mawingu mazuri ambayo mteja aliyaokota mtandaoni. Mwenye mawingu akajitokeza na wakili, na vitabu vyote vikachomwa uani. Tangu hapo Oyekan hachapi hata picha ya kuku bila karatasi ya mwenyewe. Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba.

Umepiga maelfu, kwa hiyo ngoja nikukumbushe. Ni wasichana wawili wenye magauni meupe, wamesimama pande mbili za kigoda chenye maua ya plastiki. Mama alitufananisha kupita kiasi, hata kifungo cha tatu kimekatika kwenye magauni yote mawili. Mimi niko kushoto, naitazama kamera. Kehinde yuko kulia naye haitazami. Anatazama mlangoni. Nimeandika sura nzima juu ya macho yale, kwa sababu naamini najua nani alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo: mama mdogo Abeke. Muda mfupi baadaye alimchukua Kehinde kwenda kukaa naye Lagos, na mwenzangu akafia huko nyumbani kwake. Hicho ndicho kitabu chenyewe.

Nitalipa unachotaka. Naomba mistari miwili tu na saini.

Mwanao,
Taiwo Aderibigbe

*

Ila, 13 Machi 2014

Mwanangu Taiwo,

Inuka, magoti ya mwalimu si ya kuchezea. Barua yako imefika. Dereva aliitumia kuzuia kioo cha dirisha kisigonge njia nzima, lakini inasomeka.

Nimesikitika kusikia Aduke hayupo tena. Alikuwa akija studioni kujitazama kwenye kioo changu kabla ya kwenda sokoni, kisha ananiambia kioo changu kinazeesha watu. Picha yenu naikumbuka. Nimepiga pacha wengi katika kazi hii, lakini ile naikumbuka.

Mpiga chapa wako ni mtu mwerevu na amekwambia kweli. Picha ni ya aliyeipiga, na aliyeipiga anasema hapana. Usinitumie fedha. Weka ua kwenye jalada, au njia ya reli, baba yenu angefurahi. Mzee amekataa, na sababu abaki nayo mwenyewe.

Nakuombea heri na wanafunzi wako.

Ojebisi

*

Ibadan, 24 Machi 2014

Baba Ojebisi,

Nimepiga magoti tena, lakini safari hii yanauma.

Huenda sikueleza vizuri. Picha hii si pambo. Mama mdogo Abeke amekana tangu nikiwa msichana. Anasema Kehinde alikufa kwa surua hapo Ila mwezi wa Novemba, kwamba yeye alifika kutoka Lagos mazishi yakiwa yameshapita, na kwamba mtoto hakukanyaga nyumbani kwake hata siku moja. Baba amekufa, bibi na babu wamekufa, na kaburi hakuna anayelijua. Nilipokuwa mdogo nikimlilia mwenzangu, mama alikuwa na jibu moja: Kehinde amekwenda Lagos na mama mdogo. Miaka miwili iliyopita, akiwa kitandani na pumzi zake zinahesabika, nilimuuliza kwa mara ya mwisho, Mama, Kehinde alifia wapi? Akaniambia, "Kehinde alikwenda Lagos." Kisha akageukia ukuta. Mtu hadanganyi akiwa pale.

Sasa ushahidi wangu ni nini? Ni muhuri wako. Mtoto anayedaiwa kuzikwa Novemba amesimama studioni kwako tarehe 20 Desemba, mzima, na gauni lake limepigwa pasi. Bila picha hiyo kitabu ni neno langu dhidi ya lake.

Tena si jambo la kale lililokwisha. Abeke amerudi Ila, anafundisha ushonaji, na wasichana saba wanalala chini ya paa lake. Ungekuwa na mjukuu wa kike ungempeleka huko?

Nimesikia pia kwamba yeye ndiye anayekushonea nguo. Sisemi zaidi ya hapo. Nauliza tu kama hapana yako ni yako.

Taiwo

*

Ila, 3 Aprili 2014

Taiwo,

Ni kweli navaa suruali za Abeke. Ana mkono mzuri ila mifuko anaikata mifupi, kila siku naokota funguo zangu barabarani. Mtu hanunuliwi kwa mifuko ya namna hiyo.

Umenitukana kwa adabu na mimi nitakujibu kwa adabu. Usiitumie picha ile kuthibitisha jambo lolote. Picha za pacha hazipigwi kwa ajili ya mahakama. Nilimwahidi mama yako jambo siku ile, na katika kazi yetu kuna mambo ya pacha ambayo hayasemwi kwa mdomo, hasa kwa pacha mwenyewe. Aliyeniapisha amekufa, na sijui nani mwingine wa kunifungua. Wewe chukua neno langu kwamba kitabu chako kimepotea njia mahali fulani. Mwache Abeke.

Ili usiseme mzee ni mchoyo, nakutumia picha nyingine niliyoisafisha jana kwa mikono hii inayotetemeka. Ni mama yako mwaka 1974, amesimama kati ya makopo ya mawese anacheka. Hii nakupa bure, iweke kwenye jalada. Karatasi ya mpiga chapa nimeiambatisha: "Mimi, Ojebisi, mwenye studio, namruhusu Taiwo binti wa Aduke kuchapa kwenye kitabu chake picha niliyoipiga." Nimetia saini na muhuri.

Mtazame mama yako anavyocheka. Kaa naye huyo.

Ojebisi

*

Ibadan, 28 Juni 2014

Baba Ojebisi,

Kitabu kimetoka. Nakala yako ni hii hapa.

Karatasi yako ilisema picha uliyoipiga. Bwana Oyekan hakuuliza ipi, nami sikumwambia. Ukitaka kunishtaki una haki, na nitakuja mahakamani nikiwa na muhuri wako mkononi. Lakini kwanza utasimama mbele ya hakimu umweleze kwa nini ulitaka kuficha picha ya mtoto.

Nakala mia tatu zimechapwa. Hamsini nimezipeleka Ila bure, kwa umoja wa wanawake wa kanisa. Wenye mabinti wasome wenyewe, kisha waamue.

Taiwo

*

Ila, 14 Septemba 2014

Taiwo, mtoto wa dada yangu,

Kitabu nilisomewa na Bisi, mwanafunzi wangu mkubwa. Alisoma akifika mahali ananyamaza, namwambia endelea, anaendelea. Siku mbili baadaye mama yake alikuja kumchukua. Hakunisalimu. Alisimama njiani akamwita binti yake kwa jina kama anamwita atoke ndani ya nyumba inayoungua. Wengine wakafuata, na wa mwisho ameondoka Jumanne. Niliwaambia waende na mikasi yao, maana fundi asiye na mkasi wake ni mtumwa. Wanawake wa kanisa wamenitoa kwenye kwaya. Sokoni nikiuliza bei ya bamia, muuzaji anatazama nyuma yangu.

Nitakwambia tena nilichokwambia tangu ukiwa msichana. Nilifika Ila tarehe 19 Novemba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nimebeba viatu vidogo vyekundu, jozi mbili, kwa ajili yenu. Dada yangu alikuwa ameketi sakafuni. Shimo lilikuwa limeshafukiwa. Wewe ulikuwa kwa bibi yenu, nawe una surua, hawakuniruhusu nikuone karibu. Nilikaa siku mbili nikarudi Lagos na jozi moja ya viatu. Walichokwambia baada ya hapo nilikijua. Ndivyo wanavyoambiwa pacha wote waliobaki, kwamba mwenzao amesafiri, ili wasimfuate. Nilikubali jina langu litumike. Sikujua litatumika miaka thelathini na tisa.

Kuhusu picha, mimi sikuwepo Desemba. Nina ninachokifikiri, lakini juu ya pacha mtu hasemi anachokifikiri, anasema aliyeona. Basi nilichukua kitabu chako nikaenda kwa Ojebisi. Nilimsogelea sikioni nikapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Ulipiga watoto wangapi siku ile?" Akaniambia, "Nilipiga alichokilipia dada yako." Kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta lenzi ambayo haina vumbi. Nikaondoka.

Sikuzaa, Taiwo. Wale wasichana walikuwa nyumba yangu. Sikuombi uniamini. Nakuomba uandike barua moja kwa kanisa, useme tu kwamba hujui. Neno hilo moja, hujui. Wakilisikia kutoka kwako huenda wawili watatu wakarudi.

Mama yako mdogo,
Abeke

*

Ibadan, 21 Septemba 2014

Mama mdogo,

Siwezi kuandika kwamba sijui, kwa sababu najua. Nimekua nikiitazama picha ile kila siku. Nakumbuka joto la bega la Kehinde studioni. Watu husema uongo na miaka husahaulisha, lakini picha haina sababu ya kudanganya.

Viatu vyekundu sijawahi kuviona. Kama vipo, vitunze.

Taiwo

*

Ila, 10 Oktoba 2014

Taiwo,

Soma barua hii ukiwa umeketi, na mtu awe karibu nawe.

Abeke amefariki. Tulimzika jana. Daktari anasema ni presha, alianguka kati ya meza ya kukatia na mlango, na huenda alikaa hapo akiwa hai kwa muda. Nyumba iliyokuwa na wasichana saba haikuwa na mtu wa kusikia kishindo. Alikutwa siku ya tatu na mwanamke mmoja aliyekuja kudai kitambaa chake, ambacho alitaka kumpelekea fundi mwingine. Barua yako ya tarehe 21 ilikuwa chini ya mguu wa cherehani. Ilikuwa imefunguliwa.

Sasa nitavunja kiapo, na nimechelewa. Nilidhani haki ya kusema hapana inatosha. Nilikaa juu ya haki hiyo kama kuku juu ya yai bovu, nikailinda picha yangu na mtu nikamwacha. Siku Abeke alipokuja na kitabu, neno moja langu lingewarudisha wale watoto. Nilifuta lenzi.

Sikiliza. Zamani hapa kwetu pacha mmoja akifa, aliyebaki alichongewa mwenzake wa mti, na mama akamwogesha na kumlisha yule wa mti pamoja na huyu wa nyama, ili aliyebaki asiitwe na marehemu akaondoka naye. Makanisa na misikiti yakakataza vinyago. Akina mama wakaja kwetu wapiga picha. Mtoto aliyebaki tulimpiga picha mara mbili, upande huu kwa jina lake na upande ule kwa jina la mwenzake, kisha tukasafisha nusu na nusu juu ya karatasi moja. Picha inawekwa ukutani, na mtoto anakua akijua wapo wawili. Hatusemi. Mwenye studio anayesema atanyimwa wateja, na zaidi ya hapo, anaaminika kumuua aliyebaki. Nilikuwa nakuogopea wewe, Taiwo, mama wa miaka arobaini na mitatu. Ndiyo akili ya mzee hiyo.

Kehinde alikufa Novemba kwa surua, kama Abeke alivyosema. Mwezi mmoja baadaye, ulipopona, mama yako alikuleta. Wewe peke yako. Gauni lilikuwa moja. Kifungo cha tatu ulikikata mwenyewe kwa meno ukiwa unasubiri niwashe taa, na hakukuwa na uzi wa kukishonea. Toa picha ukutani utazame zulia. Upande wa kushoto na wa kulia wa kigoda, miraba yake haikutani. Maua ya plastiki niliyaweka pale kufunika kiungo.

Limebaki moja, na hili sijawahi kumwambia mtu. Upande wa kwanza ulisimama vizuri, nikapiga. Mama yako akakuhamishia upande wa pili. Utaratibu unataka mtoto aitwe kwa jina la mwenzake wakati wa kupigwa, ili picha imkubali. Aduke alisimama nyuma yangu. Alijaribu mara mbili sauti isitoke. Mara ya tatu akaita, "Kehinde."

Wewe hukuitazama kamera. Uligeuka haraka ukatazama mlangoni, uso umefurahi, kwa sababu ulidhani amerudi. Nilibonyeza bila kukusudia. Nilitaka kupiga nyingine lakini mama yako alikuwa ameshatoka nje, amekaa kwenye ngazi na kitambaa mdomoni.

Hayo ndiyo macho uliyoyaandikia sura nzima.

Ojebisi

*

Ibadan, 5 Novemba 2014

Baba Ojebisi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Magoti sasa hayahitaji kutajwa.

Nilishusha picha nikalitazama zulia kwa kioo cha kukuzia cha maabara ya shule. Miraba haikutani. Nimeishi na picha hiyo maisha yangu yote, nimeifuta vumbi kila Jumamosi, na sikuwahi kutazama chini ya miguu yangu. Niliandika kwenye ukurasa wa tisa kwamba nakumbuka joto la bega lake. Nimejikalisha nikajaribu kukumbuka upya, na bado nalikumbuka. Ndilo linalonitisha. Sijui tena ninachokijua ni kipi.

Mama mdogo aliniomba neno moja tu, niseme sijui. Lingekuwa kweli. Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto kwamba asiyejua aseme hajui, na nikamwandikia yeye mistari ya viatu. Nimekuja Ila kimya kimya wiki iliyopita na nikaenda nyumbani kwake. Jirani alinifungulia bila kujua mimi ni nani. Viatu vyekundu vilikuwa kwenye droo ya cherehani, vimefungwa kwa gazeti la Lagos la mwaka 1975. Ni jozi moja. Ile nyingine nadhani niliivaa mimi.

Mama yangu simwelewi, na hasira nilizo nazo juu yake sina pa kuzipeleka. Kiapo cha kumlinda mtoto wa miaka minne alikishikilia mpaka kitandani pa mwisho, na kila alipokishikilia alikuwa anambebesha mdogo wake lawama. Labda alijua. Labda alichoka tu na hakujua pa kukitua.

Nimekusanya nakala mia mbili na kumi na mbili. Zilizobaki ziko kwenye nyumba za watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia Bwana Oyekan kwamba karatasi ile haikuwa ya picha ile. Hakufoka. Alisema kuwa yeye alidhani idhini ni kwa ajili ya kumlinda mwenye picha. Kisha akarudi kwenye mashine.

Nataka kuchapa kijitabu kingine, kurasa kumi na sita tu, kiingie kila nyumba ambayo kile cha kwanza kiliingia. Kitakuwa na barua yake ya Septemba, yote, na jibu langu, lote, hata lile la viatu. Jalada litakuwa picha ileile. Najua sistahili, na safari hii ukikataa sitauliza sababu. Lakini naomba idhini.

Taiwo

*

Ila, 16 Novemba 2014

KWA BWANA OYEKAN, MPIGA CHAPA, MOKOLA, IBADAN

Mimi, Ojebisi, mwenye studio, nina umri wa miaka themanini na moja na akili zangu ziko sawa. Mimi ndiye niliyepiga picha ya tarehe 20 Desemba 1975 inayoonyesha wasichana wawili na kigoda chenye maua, na ni mali yangu. Naruhusu picha hiyo, na hiyo pekee, ichapwe kwenye jalada la kijitabu cha Taiwo binti wa Aduke. Sidai malipo.

Natoa ruhusa hii kwa sharti moja, na sharti likivunjwa ruhusa imekufa. Zulia lisikatwe. Picha ichapwe mpaka chini, miraba yote ionekane. Na chini ya picha yaandikwe maneno haya kama nilivyoyaandika hapa, kwa herufi ambazo mwanamke wa sokoni anaweza kuzisoma bila miwani:

Kushoto: Taiwo.
Kulia: Taiwo, anamtafuta Kehinde.

(Saini na muhuri)
Ojebisi